Mikorosho ya Mahame

Mjomba wangu si mtu wa simu. Akipiga, ama kuna msiba ama kuna hela imekwama mahali. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye kioo Jumanne moja ya mwezi wa sita, nikiwa chumba cha habari nahangaika na habari ambayo haikutaka kukaa sawa, nilitoka nje kabisa ndipo nikapokea. Tukasalimiana kwa urefu, kama ilivyo desturi yake. Akauliza watoto, akauliza baba yao, akauliza mvua ya Dar. Kisha akasema:

“Ile mikorosho ya mama yako. Bwana shamba anasema ikatwe. Mimi sikati mti wa marehemu mwenyewe hayupo. Na mwenyewe ni wewe.”

Asiyewajua Wamakonde hawezi kusikia uzito wa sentensi hiyo. Kwetu ukoo unafuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kwenye posa, kwenye jando, kwenye mirathi, hata kwenye ugomvi wa kuku. Mjomba kumwambia mpwa wake wa kike “mwenyewe ni wewe” ni kumkabidhi mzigo mbele ya watu. Nikaomba ruhusa kazini wiki ya kwanza ya Julai, nikapanda basi la alfajiri kwenda Newala.

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilikuwa mtoto wa korosho nisiyejua korosho. Nilijua kuziokota, ndiyo, kama kila mtoto wa Kusini. Tulinyonga korosho kutoka kwenye bibo, tukala bibo, utomvu ukatuachia madoa ya kahawia ambayo sabuni haiyatoi. Tulizichoma kwenye bati lililotobolewa, na mafuta ya ganda yakatubabua midomo. Nilijua pia kwamba nilipofika kidato cha tatu mama aliweka rehani mikorosho 12 kwa mwenye duka mmoja, misimu miwili, ili nisirudishwe nyumbani kwa ada. Misimu ile miwili tulipita chini ya miti yetu wenyewe tukitazama korosho zilizoanguka bila kuinama. Halafu nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikalala hosteli za Mabibo miaka mitatu, na sikuwahi hata siku moja kushtuka kwamba nalala ndani ya jina la tunda la kwetu.

Asubuhi ya kwanza Mjomba aliniamsha saa 10 usiku. Shamba liko mbali, kilomita saba hivi kutoka kijijini, na salfa haisubiri jua. Tulitangulia na tochi. Kijana wa kupuliza akatufuata kwa pikipiki, mashine ikiwa mgongoni na mfuko wa salfa mbele yake juu ya tangi. Kulikuwa na baridi ambayo watu wa Dar hawaamini kama ipo Mtwara. Majani yalikuwa yameloa umande hadi suruali ikaniganda miguuni.

“Huu umande,” Mjomba akasema, “ndio adui, na ndio rafiki.”

Adui, kwa sababu ubwiriunga unapenda usiku wa baridi wenye umande. Ni ugonjwa wa ukungu, na jina lake linajieleza: ua la mkorosho lililoshikwa linakuwa kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha linageuka kahawia, linakauka, na korosho haipo tena. Hauna haja na jani kuukuu. Unataka vichanga: jani jekundu linalofunguka, shada la maua, bibo dogo. Na balaa lake ni kalenda, kwa kuwa mkorosho wa kwetu unachanua kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ile ile ya baridi. Yaani mti unajifungua wakati mwizi yuko mlangoni.

Rafiki, kwa sababu bila umande vumbi la salfa halishiki. Likipulizwa saa tatu asubuhi, upepo wa uwanda wa Makonde unalichukua na kulipeleka kwa jirani. Ndiyo maana kazi hufanyika gizani, hewa ikiwa imetulia. Kijana akavuta kamba, mashine ikanguruma, wingu la njano likapanda ndani ya mti, na harufu ya kiberiti ikanijaa kooni. Macho yalinichoma siku nzima. Yeye alikuwa amejifunga fulana usoni, basi. Nilimuuliza kuhusu miwani na barakoa, akacheka kwa adabu.

Salfa haiponyi ua lililokwisha kushikwa. Inakinga tu. Kwa hiyo unapuliza mapema maua yanapoanza, unasubiri wiki mbili hivi, unarudi, unarudi tena, mpaka korosho zishike. Ukichelewa mara moja kwa sababu hela ya salfa haijapatikana, umechelewa mwaka mzima. Na huo mfuko una deni lingine pia: salfa ikianguka chini mwaka baada ya mwaka, inautia udongo wetu wa kichanga uchachu. Mkulima analijua hilo. Anachagua kuvuna mwaka huu.

Mti mmoja kijana aliuruka. Nikamwuliza Mjomba kwa nini, akanivuta hadi chini yake, akamulika. Majani yalikuwa yameshonwa pamoja kama vifuko, kifuko baada ya kifuko, na juu ya tawi walikuwa wakipita maji moto, wale sungusungu wekundu ambao kila mtoto wa pwani anawajua kwa machungu.

“Huu una walinzi,” akasema.

Kuna mdudu anaitwa mbu wa mikorosho. Si mbu, ila kwa miguu ile mirefu na kiwiliwili chembamba watu walimpa jina hilo. Anachoma chipukizi laini anyonye maji yake, na pale alipochoma panakuwa peusi, ncha inakauka kama imepitiwa na moto. Maji moto wanamwinda. Mti wenye vifuko vingi huponi ukiupanda, lakini mbu hawakai. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, pale karibu na Mtwara mjini, wamewachunguza wadudu hawa kwa miaka. Ukipiga sumu ya wadudu kumtafuta mbu, unamuua na mlinzi. Waokotaji, ambao wengi ni wanawake, hawawapendi kabisa, na wana haki yao: jaribu wewe kuinama saa sita chini ya mti unaonyesha maji moto shingoni. Mjomba ameamua ugomvi huo kwa kuuokotea mti ule mwenyewe.

Tulikaa kula muhogo jua lilipotoka. Hapo ndipo alipotoa mfuko wa nailoni kwenye koti. Ndani mlikuwa na stakabadhi za chama cha msingi, kadi ya kliniki ya mama, na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Nilikitambua kabla hajakifungua. Ilikuwa makala yangu, ya miaka sita nyuma, kuhusu kupanda na kushuka kwa zao la korosho. Niliiandika kwa siku mbili, ofisini, kwa ripoti na simu tatu. Aliniomba nimsomee mstari alioupigia wino chini.

Nikasoma. Niliandika kwamba baada ya msimu wa 1973/74, nchi ilipovuna tani 145,000, uzalishaji ulianguka hadi tani 17,000 hivi msimu wa 1986/87, “kwa kuwa wakulima walitelekeza mashamba yao na ugonjwa ukaingia.”

“Walitelekeza,” akarudia. “Hilo ni neno la mtu anayemwacha mke na watoto. Njoo.”

Hatukwenda mbali. Nyuma ya mti wa maji moto kulikuwa na mwinuko mdogo wa udongo, vigae vitatu vya chungu, mwembe mzee, na shimo lililofukiwa nusu. Hapa palikuwa nyumba ya bibi yangu. Nilikuwa nimepita hapo utotoni mara mia, na siku zote tulipaita Mahame. Nilidhani ni jina la mahali. Halikunigonga hata baada ya kusoma Kiswahili chuoni kwamba mahame ni neno la kawaida: pale watu walipohama.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shambani awe anaishi katika kijiji. Mjomba alikuwa na miaka 14 lilipowafikia. Anakumbuka kwamba bibi alibeba kinu kichwani, na kwamba mbuzi mmoja alirudi Mahame peke yake usiku ule ule. Watu walihamia kijijini, penye shule na zahanati, na Mjomba mwenyewe hasemi vibaya juu ya shule. Ndiko alikojifunza kusoma gazeti langu. Ila mikorosho haikuhama. Ilibaki kilomita saba nyuma. Mama mwenye mtoto mgongoni, kwenye uwanda ambao maji yenyewe ni safari, atakwenda mara ngapi kwa wiki? Korosho zilizoanguka zililiwa na nguruwe pori au kuokotwa na mwenye miguu ya haraka. Nyasi zilipanda, kisha moto wa kiangazi ukapanda na nyasi. Bei nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliyekwenda alionekana mjinga. Na ubwiriunga ulipotambuliwa nchini mwaka 1979, uliikuta miti imesongamana, haijapogolewa, katikati giza tupu. Machipukizi ya ndani ya kivuli ndipo ugonjwa unapolala kusubiri maua ya mwaka ujao. Tulikuwa tumeutandikia kitanda.

“Mama yangu alitembea kuja hapa kila Jumamosi mpaka magoti yakakataa,” Mjomba akasema. “Sasa andika, ametelekeza.”

Sikuwa na la kusema. Makala ile haikuwa na uongo wa takwimu. Nilikuwa nimeuchukua mstari wa ripoti, nikaupa kitenzi, na kitenzi kile kikamhukumu bibi yangu mwenyewe. Nilijaribu kusema samahani, Mjomba akawa ameshasimama, anakung’uta makombo.

Mchana bwana shamba akaja. Bwana shamba mwenyewe ni binti, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwenye buti na daftari. Alitembea nasi mti kwa mti. Alitafuta kwanza kitu kinachomwogofya kuliko vyote siku hizi, mnyauko, ugonjwa unaoingilia mizizini kutoka kwenye udongo na ambao salfa haiugusi kabisa. Hakuuona. Kisha akatueleza kwa nini anataka kukata. Bibi alipanda mbegu yoyote aliyoipata, tena karibu karibu, wakati nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari. Matawi yalikuwa yameingiliana hadi jua halifiki chini. Mingine ilikuwa ya kung’oa ili mwenzake apumue. Mingine ya kukata shina kimo cha mita moja, kuliacha lichipue, halafu machipukizi machache yenye nguvu yabebeshwe vikonyo vya mbegu bora za Naliendele.

“Mizizi inabaki ile ile ya bibi,” akasema, nadhani kunifariji. “Juu ndiyo tunabadilisha.”

“Na hela ya kula hapo katikati?” Mjomba akauliza.

Swali hilo ndilo vipeperushi hulipita haraka. Mti uliokatwa hauzai mwaka huo, na pengine wala unaofuata. Mtu wa miaka yake anahesabu misimu kama anavyohesabu vidonge vya presha. Na kijana wa kumrithi kazi alikuwa hayupo. Alikuwa mimi, ninayerudi Dar Jumapili. Nilielewa hapo kwamba hakuniita kwa ajili ya heshima ya marehemu tu. Alitaka kujua kama kuna mtu wa kukatia.

Nikasema tukate nusu, ile iliyosongamana, na kwamba salfa na ujira wa kijana kwa miti iliyobaki nitalipa mimi hadi iliyobebeshwa izae. Nilisema pia nitakuja kila Julai. Bwana shamba aliandika salfa kwenye daftari. Hakuandika Julai. Tukaifunga vitambaa vyekundu miti 19 ya kukatwa baada ya mavuno. Mti wa maji moto tuliuacha, na ule ambao mama aliuweka rehani wa kwanza niliomba uachwe pia, bila sababu yoyote ya kilimo, na hakuna aliyenibishia.

Ilikatwa Januari. Sikuwepo, kulikuwa na habari ya kufuatilia Dodoma. Mjomba alinipigia mchana, akaishika simu hewani bila kusema kitu, nikasikia msumeno wa moto, kisha ule mlio mrefu wa mti unaoamua upande wa kuangukia. Nilisikiliza mitatu, salio lake likaisha.

Safari hii kabla ya kuchapisha nilimtumia maandishi haya yote kwa WhatsApp ya binti yake, asomewe. Majibu yalichukua siku nne. Alisema suala la mbuzi ni kweli lakini walikuwa wawili. Alisema nimemsifu sana kijana wa mashine, ambaye mwaka huu amepandisha bei. Na alisema kwenye orodha niliyomwachia hesabu si sahihi: nimeandika mikorosho ya mama ni 38. Ni 39. Nimeusahau ule uliokuwa karibu na choo cha bibi.