Kutoka Amri hadi Ombi: Tamthilia Tuzipendazo

Wengi wetu tuliolelewa Kampala tulikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika vinywa vya wazee waliokuwa wakisimulia habari za askari. Wakati wa ukoloni kilikuwa lugha ya kikosi cha King's African Rifles, na baada ya uhuru kikabaki katika kambi za jeshi na vituo vya polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo lake halikukiondolea sifa hiyo. Kwa hiyo, tunaposema kwamba tunazipenda tamthilia na filamu za zamani za Kiswahili, hatusemi habari za burudani peke yake. Humo ndimo tulimokutana na Kiswahili kingine.

Tukitazame kwanza kile Kiswahili cha wazee wetu. Mzee wa Kampala asiyeweza kuunda sentensi nzima ya lugha hii huyajua maneno haya: simama, toka, leta, lala chini. Yote ni vitenzi vya hali ya amri, yaani mzizi na kiishio tu, bila kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, askari walipokuwa wakizingira mitaa na kuwapakia watu katika malori ili wakachunguzwe, wakazi wa mji waliiita misako hiyo kwa amri yake yenyewe: panda gari. Kitenzi na yambwa yake vikageuka kuwa nomino, na wazee huitumia hadi leo hata wanapozungumza Kiganda. Wako waliopanda magari hayo wasirudi. Lugha ijulikanayo kwa amri tu humnyima msikilizaji zamu ya kujibu.

Zamu hiyo tuliipata katika tamthilia za Kenya, tulizozitazama katika mikanda ya video na baadaye katika intaneti. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hugombana kama wagombanavyo watu wa nyumba moja. Hakuna anayepata atakacho kwa kuamuru tu. Hubembelezana, hulaumiana, husingizia, huombana radhi. Kazi hizo zote zahitaji sarufi pana zaidi ya amri. Anayeomba huhitaji kiishio -e: "Naomba unisikilize." Anayelaumu huhitaji -nge-: "Ungeniambia mapema, ningekungoja." Anayejitetea huhitaji -li- na -me-, maana ni lazima apange yaliyotangulia na yaliyofuata.

Jambo jingine lilitufariji. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang' alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, sauti ya sh ikitamkwa s. Watazamaji walicheka, na bado walimpenda na kumwelewa. Mwanafunzi wa Kampala ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda huchanganya l na r, akasema "habali" badala ya "habari". Yapasa afundishwe tofauti ya kura na kula, kwa kuwa maana hubadilika. Lakini asifundishwe kuona haya. Wanjau alipofariki mwaka 2015, aliombolezwa na watu wa makabila mengi, na lafudhi ile ilikuwa sehemu ya walichokuwa wakikikumbuka.

Vioja Mahakamani ilitugusa kwa namna ya pekee. Humo mna hakimu, kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kusema. Husema mengi mno, mara nyingine hadi akajitia hatiani mwenyewe. Tulicheka kama watazamaji wengine, lakini kicheko chetu kilikuwa na mshangao ndani yake. Katika masimulizi ya nyumbani kwetu, mtu mwenye mamlaka aliposema Kiswahili, mazungumzo yalikwisha. Katika mahakama ile ya kuigiza, mazungumzo ndipo yalipoanza.

Tausi, iliyorushwa na KBC katika miaka ya 1990, ilitupa Kiswahili cha sebuleni. Nayo filamu ya Tanzania iitwayo Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ilitupa mfano uliotufaa sana. Mariamu ni mwanamke msomi anayewaogopa waganga wa jadi, na kupona kwake hakutengani na kuikabili hofu hiyo. Sisi nasi tulikuwa na hofu tuliyoirithi, ila ya kwetu ilikuwa ya lugha.

Tusidhani kwamba adabu hii ililetwa Kampala kutoka nje. Kundi la The Ebonies liliita tamthilia yake mashuhuri That's Life Mwattu, na kila Mganda ajua kwamba neno mwattu ni la kumbembeleza na kumsihi mtu. Wanafunzi wetu wanaijua lugha ya ombi tangu utotoni. Kinachobaki ni kuwaonyesha kwamba Kiswahili nacho kinayo.

Mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu mtarajiwa aelewe kwamba neno "lazima" nalo linasikika kama amri masikioni mwa wazazi wengi. Twapendekeza basi kwamba hali ya amri isitangulie katika somo lake la kwanza. Achague tukio fupi la Vitimbi au la Vioja Mahakamani, awaache wanafunzi wacheke, kisha waorodheshe vitenzi walivyovisikia na kutenga vya amri na vya ombi. Mwishowe wageuze kila amri kuwa ombi: leta iwe "naomba ulete", simama iwe "tafadhali usimame". Mwanafunzi akayachukue maombi hayo nyumbani, amsomee babu yake, amsikilize babu atakachojibu.