Bonasi ya Chai na Mshahara wa Mwandika Programu

Leo tuiweke Python pembeni tuongee pesa. Si jinsi ya kuzipata, hayo yameandikwa sana. Naongea na wewe ambaye umeshafika: huna deni, akiba ipo, mshahara unaingia, lakini ukifika dukani mkono bado unakuwa mzito kama wa mwanafunzi anayesubiri mkopo wa HELB.

Mimi niko hapo. Naandika programu nikiwa Meru mjini kwa kampuni ya ng'ambo. Matumizi yangu hayafiki shilingi 50,000 kwa mwezi, na akiba yangu inaweza kunilisha miaka 2 bila kugusa kibodi. Hata hivyo kiti ninachokalia kutwa nzima ni cha plastiki, kile cha matangani.

Hofu hii ina asili. Huku tumeona riziki ikikatika ghafla. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na soko la wakulima wa Igembe likafungwa. Mwaka 2020 Somalia nayo ikaifungia mlango hadi Julai 2022. Embu hawakupona: Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, wakakimbilia mahakamani. Na sisi wa kompyuta? Barua pepe moja tu, asubuhi huna kazi. Kwa hiyo kubana matumizi ni akili, sibishi. Ninachouliza ni hiki: kinga ikishatosha, nani atauambia mkono ufunguke?

Jibu nimelipata kwa mama. Yeye ni mkulima wa chai kule Embu, anapeleka majani kiwanda cha Rukuriri. Kwa msomaji asiyejua, mkulima wa KTDA hulipwa mara mbili. Kila mwezi anapata kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mabichi. Halafu hesabu za mwaka hufungwa mwezi Juni, na kufikia Oktoba kinachobaki baada ya gharama kinagawanywa. Hiyo ndiyo bonasi. Pesa ya mwezi ni ya unga, sabuni na mbolea. Bonasi ni ya karo, mabati, na, kwa mama, lazima kitu kimoja cha kufurahisha roho. Mwaka mmoja alinunua makochi, akayafunika vitambaa alivyofuma mwenyewe. Mwaka mwingine redio. Mapato yake ni kidogo kuliko yangu mara nyingi, lakini hajawahi kuomba radhi kwa ile redio!

Basi nikaandika programu ndogo, haifiki mistari 40. Kila tarehe 1 inaangalia mambo mawili: je, akiba inatosha miezi 12? Je, kuna deni? Yote yakiwa sawa, asilimia 10 ya mshahara inahamia akaunti nyingine niliyoiita Bonasi. Fedha hizo haziruhusiwi kurudi kwenye akiba. Zikibaki hadi 31 Oktoba, zinakwenda M-Pesa ya mama. Yeye hatapata shida kuzitumia, nakuhakikishia. Ana ndama jirani ambaye amekuwa akimtazama tangu Machi.

Kwa nini tarehe ya mwisho? Kwa sababu lahajedwali langu linajua riba na mfumuko wa bei, lakini halina safu ya magoti. Mama ana miaka 61, na sasa akipanda mteremko wa shamba anasimama mara mbili. Amechuma chai tangu kabla sijazaliwa, na bahari ameiona kwenye kalenda tu.

Mwaka huu kiti kimenunuliwa, chenye mgongo. Zilizobaki ni za safari: matatu kutoka Runyenjes hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa, siku 4. Mama ameshashona nguo mbili. Jana alinipigia simu kuuliza kama maji ya bahari ni baridi kuliko ya mto Thuci, na kama huko watu wanakunywa chai ya namna gani.