Viatu juu ya kabati

Kule Amerika ya Kusini wanaume walianza kushindania kombe la mataifa yao mwaka 1916. Wanawake walipata la kwao mwaka 1991. Miaka 75! Na huko Brazili, tangu 1941 mpaka 1979, mwanamke kucheza mpira kulikatazwa na sheria.

Fainali ya 2025 ilichezwa Quito, Ekwado, tarehe 2 Agosti. Sisi tuliitazama kesho yake, Jumapili baada ya ibada, kwenye simu ya binti wa mwenzetu, vichwa vimebanana, maharagwe yakiungua jikoni. Kolombia ilikuwa mbele 3-2, dakika 90 zimekwisha. Marta wa Brazili, miaka 39, aliyekuwa ameingia kutoka benchi, akapiga shuti la mbali: 3-3. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Katika muda wa nyongeza akafunga tena, Kolombia ikasawazisha, zikaja penalti. Marta akakosa ya kwake! Tulinyamaza kama tuko matangani. Ni kipa Lorena aliyeokoa, Brazili ikashinda 5-4.

Binti mwenye simu ana miaka 15. Mwaka jana sisi wote tulimwambia amekuwa mkubwa, aache mpira, asaidie mama yake. Sasa akauliza polepole kama viatu vyake bado viko juu ya kabati.

Mama yake hakujibu. Alikwenda kuangalia maharagwe, akarudi na viatu mkononi, akavipangusa vumbi kwa kitenge chake.