Tuta

Katika Kiswahili cha magazeti ya michezo, mchezaji analimwa kadi. Na penalti ina jina lake la mtaani: tuta. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia miaka yote bila kuyatafakari, hadi mwanzoni mwa 2015 nilipolimwa kadi nyekundu, nikaipa timu pinzani tuta, na mwezi uliofuata nikawa Suji nimeshika jembe, nalima, napandisha matuta kwenye shamba la mama lililoinama kama paa la nyumba. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Mama hafuatilii mpira, akaniuliza kama nina homa.

Kijana wa Suji anayetaka kuishi kwa mpira ana tatizo ambalo mwenzake wa Temeke hana, nalo ni Jumamosi. Wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, na Suji imekuwa ngome yao mpaka leo. Ijumaa jua likizama, mpira unasukumwa uvunguni. Ligi haijui habari hizo. Baba, mzee wa kanisa, alipopata taarifa kwamba nimesajiliwa na timu ya Daraja la Kwanza aliniuliza maneno mawili tu: "Na Sabato?" Sikujibu. Nilishuka Makanya na begi langu, nikasimama barabarani mkonge ukiwa nyuma yangu, nikapanda basi.

Mechi ninayoisimulia ilichezwa Jumamosi. Nalisema mapema kwa sababu kijijini wapo waliotosheka na hilo kama maelezo yote. Mimi huwauliza: na yule aliyetufunga, alicheza siku gani?

Tulihitaji sare ili tupande Ligi Kuu. Dakika ya 88 bado ilikuwa bila kwa bila. Mpira mrefu ukapita juu ya kichwa changu, mshambuliaji wao akanipita ndani ya boksi, nami nikaikamata jezi yake kwa nyuma kama mtu anayekamata mbuzi anayetoroka. Filimbi. Sheria ya wakati ule haikuwa na utani: ukimnyima mtu bao la wazi ndani ya boksi, penalti, kadi nyekundu, na mechi inayofuata uko jukwaani. Mwaka 2016 ililegezwa kwa beki aliyejaribu kuucheza mpira. Nisingenufaika hata nayo. Mimi sikuwa na habari na mpira, nilivuta jezi.

Mpaka hapo ningesameheka. Mabeki huvuta jezi. Lakini mwamuzi alipopeleka mkono mfukoni nilimfuata, nikamsukuma kifuani kwa mikono miwili, akaketi chini. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mikono ikiwa imeshafika. Wenzangu wakanizonga, wakanivuta hadi nje ya mstari, nami napiga kelele bado, na nyuma yangu nikasikia jukwaa la wageni likilipuka. Moja bila. Hatukupanda.

Nilifungiwa miezi kumi na miwili kujihusisha na soka, na faini juu yake, iliyokuwa kubwa kuliko mishahara yangu ya miezi mitatu. Nasema mishahara kwa mazoea tu, maana miezi hiyo mitatu tulikuwa hatujaiona.

Watu huniuliza kuhusu kufungiwa. Mimi nakumbuka zaidi basi la kurudi kambini. Tulikuwa tumeahidiwa posho ya kupanda daraja, laki tano kila mmoja. Winga wetu alikuwa ameshachagua bati. Mwingine alikuwa amekubaliana na wakwe tarehe ya kupeleka mahari. Mtunza vifaa, mzee aliyetufulia jezi msimu mzima, alikuwa na mtoto anayesubiri ada. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana. Walilala, au walijifanya wamelala, na kipa wetu, rafiki yangu wa chumba kimoja, alikaa kiti cha mbele kabisa na hakugeuka nyuma safari nzima.

Nimefikiri sana nilikojifunzia upumbavu ule. Julai 9, 2006 nilikuwa kijana mdogo kwenye kibanda umiza Makanya, Jumapili usiku, siku ambayo baba hakuwa na hoja nayo. Tulimwona Zidane akimpiga Materazzi kichwa cha kifua, dakika ya 110 ya fainali ya Kombe la Dunia, na kibanda kizima kikamtetea: katukanwa, mwanamume hawezi kunyamaza. Miaka minne baadaye, Julai 2, 2010, ilikuwa Ijumaa na Sabato ilikuwa imeshaingia. Tulikuwa watatu chini ya blanketi moja na redio ya simu, karibu saa sita usiku, Suárez alipouzuia kwa mkono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia. Nyekundu, tuta, Gyan akagonga mwamba, na Uruguay wakasonga mbele kwa matuta. Nikajifunza kwamba kadi nyekundu ni hadithi ya mashujaa. Leo naiangalia fainali ile ya Berlin kwa jicho jingine. Baada ya Zidane kutoka, Wafaransa walikwenda kwenye matuta bila mpigaji wao mkuu, na Trezeguet akagonga mwamba. Kuhusu kichwa cha Zidane watu wameandika mengi na hata kuchonga sanamu. Trezeguet alilalaje usiku ule, sijaona anayeuliza.

Nyumbani nilipokewa kwa uji na ukimya. Jirani mmoja alikuja na shauri la rufaa. Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na jirani huyu ni ushahidi unaotembea. Alikuwa ameshapanga hoja tatu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ulimsukuma?"

"Nilimsukuma, baba."

"Sasa rufaa ya nini?"

Jirani akamaliza chai yake.

Wiki tatu nilijifungia ndani. Asubuhi moja ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji unaoleta maji kwenye ndiva yetu. Asiyejua, ndiva ni bwawa la kienyeji: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, kila shamba na saa yake. Mfereji ukiziba, mahindi ya watu wa chini yanakauka. Nilisikia mbiu nikavuta shuka. Jioni wazee wa maji wakaja kunitoza faini. Nikapandisha sauti, kwamba mimi ni mgeni, kwamba sina hata shamba. Mzee aliyekuwa anaandika jina langu daftarini alisubiri nimalize, akasema, "Kwa kelele, mara mbili." Akaandika.

Nililipa kwa mahindi ya mama, na hilo liliniuma kuliko faini ya ligi. Lakini kesho yake mzee yuleyule alipita mlangoni akaniita: "Kuna jiwe pale juu limetushinda, na wewe una miguu." Ndivyo tu. Deni lilikuwa limefutwa, na kazi ilikuwa inanisubiri. Nilibeba mawe siku nne. Katika miezi kumi na miwili ya kufungiwa, upande wa mpira haikupigwa simu hata moja kuniuliza naendeleaje. Kwa adhabu yangu sikuonewa. Ila naona tofauti kati ya watu wanaokutoza na kukurudishia sepeto, na watu wanaokutoza wakafunga mlango.

Mama akanifundisha shamba upya. Tuta likielekea mteremko, mvua ya kwanza inaondoka na udongo wote mpaka Makanya. Linalazwa kukingama, maji yafike, yasimame, ardhi iyanywe taratibu. Nilivunja matuta yangu ya mwanzo yote nikayarudia. Jioni nilikwenda kuwatazama watoto wakicheza, nikiwa nimesimama kwenye migomba kama mwizi, maana niliambiwa nisijihusishe na soka nami sikujua migomba inahesabika vipi.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, redio ikatangaza kwamba Juma Nyosso, nahodha wa Mbeya City, amefungiwa miaka miwili na kutozwa shilingi milioni mbili kwa kumdhalilisha uwanjani nahodha wa Azam, John Bocco. Kwa kosa la namna hiyo alikuwa ameshafungiwa mechi nane mapema mwaka ule. Dukani watu walicheka, na kwa kweli kosa lenyewe lilikuwa la kuchekwa na la aibu, na Bocco hakustahili. Mimi nilibaki na hesabu ya miaka miwili kwa beki aliyeshavuka umri wa chipukizi. Nyosso alirudi, akacheza Kagera Sugar, na Januari 2018 polisi wa Bukoba wakamshikilia kwa tuhuma za kumpiga shabiki baada ya mechi na Simba. Nilipoisikia hiyo ya pili niliacha kula. Ilinionyesha kwamba kufungiwa hakugusi mikono. Mikono inasubiri.

Kwa hiyo mikono yangu niliitafutia kazi. Niliporudi uwanjani 2016, ligi ya mkoa, viwanja vya vumbi, nilikuwa na sheria moja: filimbi ikilia dhidi yangu, nainama kufunga kamba za viatu. Ziwe zimefunguka au hazijafunguka. Nafungua, nafunga upya, ndipo nasimama. Mwanzoni waamuzi walidhani napoteza muda, na mmoja akanipa njano kwa hilo. Nikainama tena. Wachezaji wenzangu wakanipa jina, Fundi Viatu. Nilicheza misimu mitatu, nikatoa tuta moja lingine, la halali kabisa, nikafunga kamba wakati linapigwa.

Kipa wetu wa zamani alikuja Suji msimu wa mavuno. Nilikuwa nimemwita mwenyewe. Wengine nilishawalipa kwa namna nilivyoweza, bati kumi kwa winga, ada ya muhula mmoja kwa mtoto wa mtunza vifaa. Wawili walikataa, na mmoja hajapokea simu yangu mpaka leo. Kipa nilimwekea gunia la maharage. Alipanda kutoka Makanya kwa pikipiki, akafika na vumbi hadi kope, akakaa na baba, akala makande mara mbili. Kisha tukaenda nyuma ya nyumba nikamwonyesha gunia.

Aliliangalia muda mrefu.

"Unajua nilirukia wapi?" akauliza.

Sikujua. Nilikuwa nimegeuza mgongo, nikivutwa.

"Kulia. Na yule jamaa wiki nzima tulikuwa tunaambiwa anapiga kushoto. Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa nakutazama wewe unavyoburutwa, filimbi ikalia nikiwa bado nakutazama, nikaruka tu." Akasukuma gunia kwa mguu. "Mimi hili nimelala nalo tangu siku ile. Nilikaa mbele ya basi msije mkaniuliza."

Hatukusema zaidi. Niliinama nikashika pembe mbili za gunia, yeye mbili, tukalipeleka kwenye pikipiki. Mwendesha pikipiki akalalamika kwamba mteremko ni mkali na mzigo ni mkubwa, akataka aongezewe elfu tano. Kipa akabishana naye mpaka ikawa elfu tatu.