Mwendo wa Chumba cha Vipimo

Mgeni akiingia kwenye chumba chetu cha kupimia mwendo hutazama kamera kwanza. Zimefungwa ukutani kuzunguka chumba kizima, kila moja na taa zake nyekundu. Halafu huona skrini, mifupa ya rangi ikitembea juu yake, naye husema hospitali zetu sasa zimefika mbali. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na humo ndimo ninamoshinda kila siku ya kazi, hapa Dar es Salaam. Umeme ukikatika sisumbuki sana. Tunasubiri jenereta, tunaanza upya. Kinachoninyima usingizi ni siku ambayo kila kitu kimewaka, ripoti imetoka safi, imechapwa kwa rangi, na namba zilizomo si za mgonjwa yule.

Kazi huanza na vitufe, vidude vidogo vya mviringo vinavyoakisi mwanga. Tunavibandika mbele ya nyonga pande zote mbili, pajani, pembeni mwa goti, ugokoni, kwenye kifundo, kisigino na unyayo. Kamera haimwoni mtu, inaona vitufe tu. Programu huchukua mahali vilipo, ikaongeza urefu wa mguu niliopima kwa tepu na upana wa goti, kisha ikakisia viungo vya nyonga na goti viko wapi ndani ya mwili. Yote yanayofuata hujengwa juu ya makisio hayo.

Sasa mlete mgonjwa mwezi wa Februari, na joto la Dar, ngozi imepakwa mafuta vizuri kwa sababu mtu anakuja hospitali. Gundi haishiki. Kitufe kinaanguka katikati ya chumba, tunarudia. Akija mama mnene, mfupa wa mbele ya nyonga umefunikwa na tumbo, kwa hiyo kitufe kinakaa juu ya nyama, na nyama ina mwendo wake. Akija bibi wa makamo ya mama yangu, naanza na shikamoo, halafu natakiwa nimwambie avae bukta mbele ya vijana wawili wa mafunzo ya vitendo. Wengi hukataa, na wana haki. Tunafunga mapazia, anabaki dada mmoja wa zamu, kanga inakunjwa na kufungwa juu, na ikilegea inakumba kitufe. Hata viatu vyenye mstari wa fedha hutuharibia: kamera huuona ule mstari kama kitufe kingine, na programu ikaunda mguu usiokuwepo.

Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyeletwa na mama yake kutoka Mkuranga. Grafu ilionyesha paja limegeukia ndani kupita kiasi. Daktari bingwa wa mifupa alikuwa ameanza kufikiria kukata mfupa wa paja na kuuzungusha, operesheni inayomfanya mtoto akae wiki kadhaa bila kukanyaga chini. Nilimlaza yule mtoto kifudifudi, nikamkunja goti, nikazungusha paja kwa mikono. Lilikwenda ndani na nje karibu sawa. Nikarudi kwenye skrini nikatazama grafu ya goti. Kila goti lilipokunjwa, grafu ilionyesha linakwenda upande, na goti haliendi upande namna ile. Anayeijua kazi hii akiona hivyo anajua kitufe cha goti au cha paja kimekaa kombo. Tulibandua vyote, mwenzangu akapima upya, kitufe kikasogea kama sentimita moja, na grafu ikakubaliana na mikono. Mama yule alikuwa ameshaambiwa atafute ndugu wa kuchangia damu.

Hayo hayaonekani kwenye ripoti. Ripoti haina mahali panapoandikwa kitufe kilibandikwa na nani, kwa haraka kiasi gani, juu ya ngozi ya namna gani.

Wapo wanaoniuliza kwa nini basi nisirudie kutazama kwa macho tu. Kwa sababu macho nayo yamewaumiza watoto. Zamani mtoto akitembea kwa vidole, ilikuwa kano ya kisigino inarefushwa, basi. Ikirefushwa kupita kiasi, mtoto huanza kutembea amejikunja magoti kama anayetaka kuchuchumaa, na kumtoa hapo ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Yuko mtoto anayekanyaga vidole kwa sababu kano imefupika, na yuko ambaye kifundo chake hakina tatizo ila goti limekunjika hadi kisigino hakifiki chini. Ukiwatazama wakipita, wanafanana. Grafu nzuri inawatenganisha. Naitetea mashine hii kwa ajili ya watoto hao, na ndiyo maana inaniuma ikitumika ovyo.

Mabamba ya sakafuni yanayopima nguvu ya hatua yana masharti yake. Bamba linataka unyayo mmoja, mzima, peke yake. Mtu mwenye afya hulikanyaga bila kujua. Mgonjwa wa kiharusi ana hatua fupi, miguu yote miwili inatua kwenye bamba moja, na jaribio linafutwa. Gongo likitua, linafutwa. Ukimwambia akanyage pale, anakata hatua ili alenge, na huo tena si mwendo wake. Kwa hiyo anayechoka upesi kuliko wote ndiye anayerudishwa mwanzo wa chumba mara nyingi kuliko wote. Baadaye ripoti inasema wastani wa hatua zake, wakati ni wastani wa hatua chache tu ambazo bamba limezikubali.

Siku hizi zimekuja programu za simu. Watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa OpenCap, inayotumia video za simu mbili au zaidi bila kitufe hata kimoja. Kwa hospitali ya wilaya isiyoweza kununua chumba kama chetu, hiyo ni habari kubwa, na vijana wetu wanaojaribu programu za aina hiyo nawaunga mkono. Lakini nimeona mama aliyevaa baibui akipigwa video, na programu ikaweka goti pale vazi lilipokunjika. Haikutoa onyo lolote. Ilichora goti, ikaandika nyuzi zake.

Halafu kuna ukanda wa kijivu, ule unaochorwa nyuma ya kila grafu kuonyesha mwendo wa kawaida. Wetu ulikuja na programu, umetokana na watu waliopimwa nje ya Afrika. Lililo zito zaidi ni kasi. Mtu yeyote akitembea polepole, goti lake hupungua kukunjika anapoinua mguu, hata kama ni mzima kabisa. Mgonjwa wangu anayekwenda taratibu analinganishwa na watu waliokuwa wanatembea kwa kasi yao ya kawaida, anaonekana ana kasoro kila mahali, na sehemu ya kasoro hizo ni upole wa mwendo tu.

Kasi yenyewe tunaipima kwa saa na mita 10 za sakafu. Mwaka 1995, Jacquelin Perry na wenzake wa Rancho Los Amigos, California, waligawa wagonjwa wa kiharusi kwa kasi: chini ya mita 0.4 kwa sekunde, mtu ni wa kutembea ndani ya nyumba. Juu ya 0.8, anaweza kujitegemea mtaani. Tunaitumia namba hiyo sana. Mzee mmoja aliivuka 0.8 humu ndani, sakafu laini, feni inavuma, sote tunamtazama. Dirisha letu linatazama lango. Nilimwona akifika kwenye mtaro, akashika ukuta, akasimama. Konda alikuwa anaita abiria, daladala ikaondoka. Ikaja nyingine, nayo ikaondoka. Kwenye faili lake tayari imeandikwa anajitegemea.

Tangu hapo, kabla sijaandika namba, namtoa mgonjwa nje hadi barabarani na viatu vyake mwenyewe, mara nyingi ni kandambili, na namwomba abebe mfuko wake. Hakuna fomu ya jambo hilo, kwa hiyo naliandika pembeni kwa kalamu.

Nasikia tunatafutiwa mfadhili wa kamera mpya. Nimeshamwambia mkuu wa idara ninachokihitaji kabla ya kamera hizo: mtu wa pili aliyefundishwa kuweka vitufe, ili kila kipimo cha mtoto anayekwenda kwenye upasuaji kirudiwe na mikono mingine, na fungu la nauli, ili mama wa Mkuranga aweze kumleta mtoto siku hiyo ya pili.