Kitu Hiki Kimesalia kwa Nini?

Yapata miaka mitatu iliyopita nilifundisha somo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nalieleza hapa kwa faida ya wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, maana siku ile andalio langu la somo lilikuwa kamili, zana zilikuwa tayari, na bado somo liliniharibikia.

Mada ilikuwa matumizi ya mabaki katika kufundisha historia. Nilichagua michezo ya kuigiza ya muziki ya Marekani ya zamani, kwa sababu mabaki yake ni mengi na yanavutia macho. Nilianza na The Black Crook, mchezo uliofunguliwa katika jumba la Niblo's Garden, New York, tarehe 12 Septemba 1866. Usiku wa kwanza ulichukua muda wa zaidi ya saa tano, kisha ukachezwa mara 474. Nikabandika ukutani nakala za mabango yake. Wanachuo wakawatazama wacheza ngoma wa kike waliovaa nguo za kubana miguu, wakanong'onezana kidogo, tukaendelea. Ndipo nikabandika, bila neno lolote la utangulizi, picha ya Bert Williams.

Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahama, mwaka 1874. Alikuwa mtu mweusi. Hata hivyo, katika picha ile amejipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, midomo imechorwa ikapanuliwa, na macho yamekodolewa kama ya mtu asiye na akili. Darasa zima likaangua kicheko. Mwanachuo mmoja aliyeketi nyuma akaiga sura ile, kicheko kikazidi. Nami, badala ya kusimamisha somo, nikatabasamu pamoja nao. Tabasamu hilo ndilo ninaloonea haya.

Siwalaumu wanachuo. Picha ile ilitengenezwa ili watu wacheke, na baada ya zaidi ya miaka mia moja ilikuwa ikiifanya kazi yake barabara. Kosa ni langu niliyeibandika kana kwamba ni ramani ya mito.

Juma lililofuata niliirudisha ukutani picha ile ile. Mwenzangu mmoja alinishauri niiache, lakini niliona kwamba nikiificha, kicheko kitabaki kuwa ndilo jibu la mwisho. Safari hii niliandika kwanza swali ubaoni: Kitu hiki kimesalia kwa nini? Kisha nikaeleza.

Tangu miaka ya 1830 waigizaji Wazungu wa Marekani walikuwa wakijipaka masizi na kuwaiga watu weusi kwa dhihaka. Desturi hiyo ilizoeleka hata mchekeshaji aliye mweusi naye akatazamiwa ajipake. Mwaka 1894 yalifanyika maonyesho makubwa San Francisco, na Waafrika kutoka Dahomey, nchi ambayo tangu 1975 huitwa Benin, walitarajiwa kuonyeshwa humo. Walichelewa kufika. Basi Williams na mwenzake, George Walker, wakaajiriwa kujifanya Wadahomey mpaka wenyewe walipowasili! Vijana wawili ambao hawajapata kuiona Afrika walilipwa ujira wa kuwa Waafrika. Wanachuo hawakucheka hapo, au walicheka kwa namna nyingine.

Miaka tisa baadaye wawili hao waliongoza mchezo wa In Dahomey. Muziki uliandikwa na Will Marion Cook, mashairi mengi na Paul Laurence Dunbar, na maneno ya mchezo na Jesse Shipp. Ulipofunguliwa New York tarehe 18 Februari 1903, ulikuwa mchezo kamili wa muziki wa kwanza ulioandikwa na kuchezwa na Wamarekani Weusi katika jumba kubwa la Broadway. Watazamaji weusi waliketishwa roshani ya juu. Mwezi wa Mei mchezo ulihamia London, na mwezi wa Juni ukachezwa katika jumba la kifalme la Buckingham, siku ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme.

Sasa tukarudi kwenye swali. Nyimbo za michezo ile zilichapwa moja moja pamoja na nota zake, zikauzwa kwa watu waliokuwa na piano nyumbani. Nakala zilikuwa nyingi, kwa hiyo zimesalia nyingi. Lakini jalada la wimbo ni tangazo la biashara. Mwanachuo mmoja alitamka jambo ambalo sikuwa nimeliandika katika andalio langu: kwamba picha ya jaladani haituonyeshi mwimbaji alikuwa mtu wa namna gani, bali mnunuzi alipenda kuona nini. Nilimwomba alirudie ili wote waandike.

Maneno ya mchezo yamesalia kwa njia ya ajabu zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1843 iliagiza kwamba kila mchezo mpya upelekwe kwa afisa wa mfalme ukaguliwe kabla ya kuchezwa hadharani, na utaratibu huo haukufutwa hadi 1968. Nakala ya In Dahomey iliyopelekwa kukaguliwa imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Mkaguzi hakukusudia kumtunzia mtu historia. Alitaka kujua kama kuna maneno ya kukatazwa. Hapa tulikawia sana, na kengele ikatukuta tukiwa bado tunabishana kama tumshukuru mkaguzi huyo au la.

Halafu kuna filamu. Mwaka 1913 Williams aliigiza katika filamu ambayo haikukamilishwa. Vipande vyake vilihifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, na umma ulionyeshwa mwaka 2014. Kwa kuwa hakuna aliyeikata na kuiunga, ndani yake zimebaki hata nyakati za mapumziko, waigizaji wakisubiri kuanza tena. Williams ana masizi usoni. Weusi wenzake waliomzunguka hawana. Kama ingalikamilika, sehemu hizo za mapumziko zingalitupwa.

Upande wa pili wa ubao tuliandika yaliyopotea, nao ulijaa upesi. Aida Overton Walker, mke wa George, ndiye aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa kundi lile, na huko London watu wa tabaka la juu walimwita awafundishe kucheza. Picha zake zipo, amesimama, nguo zimenyooka. Nyayo alizozipiga usiku baada ya usiku hazikuandikwa popote.

Mwishoni niliwasikilizisha sauti ya Williams, ambaye alianza kurekodi santuri mwaka 1901. Anaimba polepole, karibu na kusema, akiyaacha maneno yaanguke kwa uchovu. Darasa lilicheka tena, ila mahali pale alipokusudia mwimbaji.

Yule aliyeiga sura siku ya kwanza alinifuata ofisini baadaye. Alisema kwamba amelielewa somo, lakini akipangiwa darasa la tano hataionyesha picha ile kamwe. Atawasikilizisha sauti tu. Watoto wa miaka kumi na mmoja, alisema, wataondoka na ile sura, na maelezo yote yatabaki darasani. Nilimpinga kwa muda mrefu. Nilimwambia kwamba siku moja wataikuta wenyewe, pasipo mwalimu karibu. Hakukubali. Andalio lake la somo nilipoletewa nililisoma mara mbili, nikatia sahihi bila kubadili kitu.