Unene wa Chuma

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi habari za tenzi, sarufi na asili ya maneno aweza kustaajabu kuona insha juu ya bampa la gari. Namwomba astahimili. Kwa muda wa miezi mitatu katika mwaka uliopita sikuwa na swali lililonisumbua kuliko hili: bamba la chuma la kutengenezea bampa liwe na unene wa milimita ngapi?

Gari lenyewe ni Land Rover ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ambayo marehemu baba aliniachia. Magari ya namna hii yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948, na mpaka leo vijijini kwetu hayajakosa heshima. Mwili wake ni wa alumini. Mifupa yake, yaani chasisi, ni masanduku marefu yaliyoungwa kwa mabamba ya chuma, na unene wa mabamba hayo ni kama milimita 2 tu. Jambo hili la mwisho aghalabu husahauliwa. Watu huitazama Land Rover wakadhani kuwa imechongwa katika jabali, kumbe nguvu zake zimo katika umbo la sanduku, si katika wingi wa chuma.

Masika yaliyopita, katika njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba, nilipanda kisiki kilichojificha ndani ya tope. Bampa la kale lilikunjika katikati kama mkeka, likarudi nyuma hata likakaribia rejeta. Nilifika nyumbani salama, lakini nilijua kuwa safari nyingine ya namna ile ingeniacha porini. Hapana budi bampa jipya. Bei ya bampa la dukani iliponikatisha tamaa, niliazimia kulitengeneza kwa msaada wa fundi mmoja mzee wa Morogoro, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa baba na ambaye tangu utoto namwita baba mdogo.

"Weka milimita kumi, mwanangu," aliniambia hata kabla sijakaa. "Weka kumi, usahau." Akaandika 10 kwa chaki ukutani, pale anapoandika kazi zake zote.

Sikumjibu siku ile. Sababu ya kutomjibu nitaieleza, walakini kwanza nataka kusema habari za hesabu, maana ndiyo niliyoikimbilia.

Chuma cha kawaida kina uzani wa kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo bamba la mita moja ya mraba lina uzani wa karibu kilo 7.85 kwa kila milimita ya unene wake: la milimita 3 ni kilo 23 na nusu, la milimita 6 ni kilo 47. Nilichora bampa la urefu wa mita moja na nusu, uso wake sentimita 15, kina chake sentimita 7 na nusu. Nikilifanya wazi kwa nyuma kama mfereji, lahitaji bamba la upana wa sentimita 30. Nikilifunga likawa sanduku, lahitaji sentimita 45. Sanduku la milimita 10 likatoka kilo 53. Uzani huo hauketi juu ya ekseli, bali hukaa mbele yake; nilipima nikaona sentimita 60. Basi huwa kama mtoto aliyekaa nje ya egemeo la pembea: ekseli ya mbele huelemewa na kilo 64 na zaidi, na ile ya nyuma hupunguziwa 11. Springi za mbele zilizochoka hazipendi zawadi ya namna hiyo, na katika tope gari lenye pua nzito huzamisha pua kwanza.

Kisha nikaona jambo lililonifurahisha kama mtoto. Mfereji wa milimita 6 una uzani wa kilo 21 na kitu. Sanduku la milimita 4 lina uzani ule ule. Chuma ni kile kile kwa mizani. Lakini sanduku hushinda mfereji karibu mara mbili katika kukataa kupindwa kwa pigo la mbele, na katika kukataa kusokotwa hulishinda zaidi ya mara mia. Kusokotwa ndiko hasa kulikolivunja moyo bampa la kale. Ni kweli kwamba bamba tupu likiongezwa unene mara mbili ukaidi wake wa kupindika huongezeka mara nane, na kwa hoja hiyo mafundi husema, "Ongeza unene." Lakini hoja hiyo ni ya bamba lililolala peke yake. Likiisha kukunjwa au kufungwa, umbo hufanya kazi ambayo unene ulidai kuifanya.

Wala si kwamba wembamba hauna mwisho. Nilifikiri milimita 3 ingetosha, na kwa pigo la kisiki yamkini ingetosha. Lakini jeki ndefu, ile ya kukamata bampa na kuinua gari zima, huweka mzigo wote mahali padogo kama kiganja, na bamba la milimita 3 hubonyea hapo kama debe. Kadhalika kutu hula pande zote mbili, na sanduku lisilotobolewa chini huhifadhi maji kama mtungi. Bamba jembamba sana lina muda mchache wa kuliwa.

Dukani nako kuna mitego. Muuzaji mmoja alinitajia geji badala ya milimita, na mtu asiyejua hudhani kuwa namba ikiwa kubwa chuma ni kinene. Ni kinyume: kwa kipimo cha Kiingereza geji 10 ni milimita 3 na robo, geji 14 ni milimita 2, na geji 16 ni milimita 1.6. Tena bamba lililoandikwa 4 kwa rangi nyeupe nililikuta 3.6 nilipolibana kwa kipimio cha taya. Muuzaji alinitazama kana kwamba nimetia kidole katika chakula chake.

Basi hesabu ilikwisha kunipa jibu, nami bado sikwenda kwa baba mdogo. Sasa nieleze.

Mwaka 1987 baba alitaka gari lake liwe na bampa lisiloshindwa na kitu. Fundi yule yule, akiwa kijana mwenye nguvu na sifa, alipata boriti ya chuma iliyotoka katika kinu kikongwe cha mkonge upande wa Kimamba, akaikata, akaifunga mbele ya chasisi. Ilikuwa nene kuliko kidole. Watu walikuja kuitazama. Miezi michache baadaye, katika njia ya Kilosa, baba alimkwepa mtu wa baiskeli akapiga mkwaju. Hakuwa akikimbia, mwenyewe alisema ilikuwa kama kilomita 40 kwa saa. Boriti haikupata hata mkwaruzo. Chasisi ilipinda nyuma yake, usukani ukaingia kifuani mwa baba, mbavu tatu zikavunjika. Aliishi miaka mingi baadaye, lakini hakupata tena kupanda ngazi bila kusimama katikati.

Nyumbani kwetu habari hiyo ilisimuliwa kama sifa ya boriti. "Isingekuwa ile boriti!" walisema wageni, na baba mwenyewe akiitikia kwa kichwa. Nilikua nikiamini hivyo. Sasa chukua hesabu ya mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa. Ikiwa pua ya gari itakunjika nusu mita kabla ya kusimama, mwili wake hukabiliwa kwa wastani na nguvu ya mara 12 na nusu ya uzani wake. Ikiwa haitakubali kukunjika ila sentimita 10, nguvu hiyo ni mara 63. Mhandisi Béla Barényi alilijua jambo hili mapema, na mwaka 1959 Mercedes-Benz walitoa magari ambayo pua na mkia vilikusudiwa kukunjika ili chumba cha watu kisikunjike. Chuma kinachopinda hununua nafasi. Boriti ya kinu haikununua kitu. Ilichukua pigo la mkwaju ikalipeleka zima zima mpaka kwa baba.

Niliipiga hesabu hii usiku, nikaipiga tena, nikaona kuwa siwezi kumkataza yule mzee milimita 10 bila kumwambia habari ya 1987. Angeniuliza sababu. Nami ningemjibu nini? Kwamba umadhubuti wa kazi yake ndio uliomvunja rafiki yake? Nilitafuta sababu za uongo: kwamba fedha hazitoshi, kwamba milimita 10 haipatikani. Nikaenda na karatasi yangu na uongo wangu.

Alikuwa akinyosha bawaba juu ya fuawe. Nikaanza kusema juu ya springi na uzani wa mbele, yote ya kweli, yote ya pembeni. Akanisikiliza kwa muda, kisha akaweka nyundo chini.

"Wajua hii ni nini?" aliuliza, akikipiga kofi kile alichokuwa akifulia juu yake. Sikujua. Nalikiona tangu utoto, nikakidhani kipande cha reli.

"Ndiyo ile. Nilipoifungua kwenye gari la baba yako niliigeuza pande zote nikitafuta alama. Sikuona. Nikaitazama chasisi ilivyopinda. Nikafahamu, mwanangu. Lakini baba yako alikuwa akiisifu kwa watu, nami nikanyamaza."

"Mbona basi waniambia milimita kumi, baba mdogo?"

Alikaa kimya hata nikajuta kuuliza. "Ukitaka kitu chembamba," alisema, "watu watauliza kwa nini." Akaenda ukutani, akafuta ile 10 kwa kiganja, akanipa chaki. Nikaandika 4.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, nami sitaieleza yote. Bamba la milimita 4 halikunjwi kwa mikono, naye hana mashine ya kukunjia. Alikata mfuo kwa grinda, nusu ya unene, akalikunja juu ya ile boriti, kisha akajaza mfuo kwa moto. Chuma cha kiasi hicho huchomelewa vizuri kwa mashine yake ndogo; cha milimita 10 kingehitaji kuchongwa kingo na kujazwa tabaka juu ya tabaka. Masikio ya kufungia kwenye chasisi yalikuwa ya milimita 8, kwa kuwa mahali pa kuvutia gari lililozama hapafanyiwi ubahili: kulivuta gari kutoka topeni huweza kuhitaji nguvu kupita uzani wake. Chini tulitoboa matundu manne ya maji. Mizani ilionyesha kilo 26 pamoja na masikio.

Mwezi wa Novemba nilipiga ukingo wa kalvati nikirudi nyuma na mbele katika giza. Ni aibu kusema, maana lilikuwa mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Nilipelekea gari karakana. Mzee alichuchumaa, akapitisha kidole gumba katika bonde lililoingia upande wa kushoto, kina chake vidole viwili.

"Chasisi je?"

"Nzima. Nimeipima kwa uzi."

Akatia kidole tena katika lile bonde, akakiacha humo kitambo. Nikamwuliza kama atalinyosha. Akasema liache, akarudi kwenye kigoda chake, akaagiza kahawa mbili.